Jina la Hamsini na Nane

Tunduma, Jumamosi, 13 Novemba 1954

Leo mji huu umepata mwenyekiti mwanamke. Naandika ili kesho nikiamka nijue sikuota.

Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alifika asubuhi kutoka Mbeya, akawekewa meza mbele ya ofisi ya baraza. Akasema hakuna makaratasi ya kura, maana wengi hawasomi. Kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka. Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza Bwana Danford Silwimba, mwenye duka na lori, ambaye marehemu baba yake aliongoza baraza hili miaka mingi. Wa pili Mama Ruti Namukonda, mjane, mkunga wa mji. Mwaka jana ndiye aliyewaongoza wanawake wakachimba kisima cha karibu na soko huku sisi wanaume tukibishana wapi pa kuchimba. Mimi nilimtaka Danford, sifichi. Mama Ruti ana sauti ya kuamrisha, na karani wa baraza anayeamrishwa na mkunga atachekwa mpaka kwetu Isongole.

Ukungu ulikuwa mzito tangu alfajiri. Mistari miwili ilianzia mezani na kupotelea humo. Mimi ndiye niliyehesabu, nikimgusa kila mtu begani na kutaja namba kwa sauti. Danford alipata hamsini na saba. Kisha nikaingia mstari wa Mama Ruti. Karibu wote walikuwa wanawake, maana waume zao wako Rhodesia, migodini Kopabeliti. Mke wangu Lusungu alikuwa wa kumi na tisa. Alitazama mbele kama hanijui. Wa hamsini na saba alikuwa Bibi Ketrina, mfinyanzi wa vyungu. Nikadhani nimemaliza. Kumbe yuko mmoja zaidi, hatua tatu nyuma yake, mwanamke mwembamba aliyejifunga kaniki iliyopauka. Nikamgusa bega. Nguo ilikuwa imelowa chapachapa, na baridi yake ilinipanda mpaka kiwikoni.

Nikasema, "Hamsini na nane," nikarudi mezani. Mama Ruti akapewa mkono. Mimi nikaagizwa kupeleka boma la Mbeya majina ya wote waliosimama kabla mwezi haujaisha.

Sasa nimeketi nyumbani na neno moja linanisumbua. Mvua ya mwaka huu haijanyesha hata tone.

Jumatatu, 15 Novemba

Mvua ya kwanza. Bati la ofisi linavuja juu ya kabati.

Jumatatu, 22 Novemba

Wiki nzima nimepita nyumba kwa nyumba. Upande wa Danford nimepata majina hamsini na saba, kazi nyepesi. Upande wa Mama Ruti wanawake hawataji majina yao mbele ya mgeni, na mimi Mndali kwao ni mgeni. Nimewaandika kama wanavyojulikana: mke wa Yonasi, mama wa Sadoki. Wamefika hamsini na saba. Nimerudia mara tatu.

Nilimwendea Bibi Ketrina. Alikuwa akisugua chungu kibichi kwa jiwe.

"Bibi, nyuma yako alisimama nani?"

"Nyuma yangu hapakuwa na mtu."

"Mimi nilimgusa."

Mkono wake ukasimama juu ya chungu. "Basi ulimgusa peke yako, mwanangu."

Jumamosi, 27 Novemba

Nimefanya jambo ambalo karani hafanyi. Gari la barua linaondoka leo na orodha ina pengo. Nikisema kura ilizidi, Bwana Shauri atauliza ni karani gani asiyejua kuhesabu watu mia na kidogo. Nikachovya kalamu, na kwenye namba 58 nikaandika jina la kubuni: Marita Namonje. Sijui nililitoa wapi. Lilikuja lenyewe, kama mtu amelitaja nyuma ya kiti changu. Niligeuka hata kutazama.

Alhamisi, 2 Desemba

Mvua. Baraza la kwanza la Mama Ruti. Aliuliza bati litatengenezwa lini.

Jumatano, 8 Desemba

Lusungu ametoka kisimani amenuna. Wanawake walipanga foleni, wakahesabiana ili wajue kama maji yatawatosha, wakafika kumi na nne. Ndoo zilikuwa kumi na tatu.

"Mlikosea," nikamwambia.

"Baba Aida, si wewe ndiye unayekosea kuhesabu katika nyumba hii?" Alisema hivyo bila kucheka. Sijamwambia habari ya orodha. Sijui kwa nini nilihisi anaijua.

Jumanne, 14 Desemba

Dresa wa zahanati aligawa vibati vya namba ishirini na moja kwa wagonjwa ishirini. Kibati cha mwisho kilikutwa kwenye benchi, na benchi limelowa.

Jumamosi, 25 Desemba

Krismasi. Ukungu haukuondoka siku nzima. Mchungaji alipotuita kutoa sadaka tulitoka kwa mstari, mimi nikiwa wa mwisho kabisa upande wa wanaume. Nilisikia nyayo tupu nyuma yangu, zinabandika na kubanduka kama za mtu anayetoka mtoni. Sikugeuka. Namshukuru Mungu nilikuwa na Aida mkononi.

Jumatatu, 3 Januari 1955

Hakuna kitu. Mvua.

Jumamosi, 8 Januari

Orodha imerudi kutoka boma na muhuri, pamoja na amri kwamba ibandikwe mlangoni watu wote waione. Nikaibandika saa nne. Ni siku ya soko, watu walijaa. Danford akajitolea kuisomea umati, kwa ile sauti yake ya dukani, na watu walikuwa wakicheka kila jirani alipotajwa. Alipofika hamsini na saba akavuta pumzi, akatazama mstari wa chini, akafunga mdomo.

"Soma, Bwana Danford," mtu akasema.

Akasoma. Niliona wazee wanatazamana. Mwanamke mmoja akaokota kikapu chake akaondoka mbio. Katika dakika chache uwanja ulibaki mtupu, mahindi yako chini, na Danford bado ameshika ukingo wa mlango.

Mchana Bibi Ketrina aliingia ofisini. Hajawahi kuingia humu. Alibaki amesimama.

"Nani amekupa jina hilo?"

"Nimelibuni, Bibi."

"Hukulibuni. Marita Namonje ni mdogo wangu, tumbo moja."

Akanieleza. Mwaka ule wa mchapi, elfu moja mia tisa thelathini na moja, walivuka mpaka watu wenye dawa ya kunywesha ili wachawi wajulikane. Baraza la mji liliamuru kila mtu apange mstari anywe. Marita alikuwa na mimba, akakataa. Wakasema aliyekataa ndiye. Alipotaka kujieleza wakamwambia mwanamke hasemi barazani. Walimfukuza kwa kelele na fimbo mpaka kijito cha mpakani, kikiwa kimefurika. Hakuonekana tena upande huu wala ule. Baba yake Danford ndiye aliyekuwa kitini.

"Tangu siku ile," akasema Ketrina, "hapa hakuna aliyelitamka jina lake. Hata mimi. Miaka ishirini na mitatu."

"Siku ya kura ulisema nyuma yako hapakuwa na mtu."

"Nilijua yupo. Niliogopa kugeuka, karani."

Jumatatu, 10 Januari

Nilikwenda kwa Mama Ruti nikakiri yote. Alikuwa akichemsha mikasi yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba nakala ya orodha, akaisoma taratibu, kidole kikishuka.

"Mke wa Yonasi. Mama wa Sadoki. Binti wa Barnaba. Na huyu wa kumi na tisa, 'mke wa karani'. Hana jina?"

Akanirudishia karatasi.

"Wanawake wote hawa, Andongwisye, na uliyemwandika kwa jina lake ni mmoja tu. Tena ni yule tuliyemuua."

"Nyinyi, Mama?"

"Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilipiga kelele na wenzangu mpaka majini. Niliogopa wakiniona nimenyamaza watasema na mimi nimo." Akatoa mikasi kwenye maji ya moto kwa mkono mtupu, akaiweka mezani. Vidole vikawa vyekundu, hakuvitazama. "Nimezalisha nusu ya mji huu. Kila mtoto akitoka, nahesabu vidole vyake kwanza, kabla ya kumpa mama yake. Watu wanasema ni uangalifu. Si uangalifu. Nangoja siku nitakayolipizwa."

Nilimwambia nitaandika boma kwamba kosa ni langu, mambo yaishe.

"Hayataisha kwa barua," akasema.

Nilikwenda pale nikimwona mwanamke mwenye sauti ya amri. Nimerudi sina uhakika nimewahi kumwona mtu anayeogopa kama yeye na bado akaendelea kufanya kazi.

Jumapili, 16 Januari

Kijito kimefurika. Ng'ombe wa watu wawili wamekwenda na maji.

Alhamisi, 20 Januari

Sasa wanasema waziwazi sokoni: Ruti alishinda kwa kura ya maiti, basi Ruti anafuga maiti. Kina mama wawili waliokaribia kujifungua wamepelekwa Mwenzo, ng'ambo ya mpaka, ili asiwaguse. Wazee wamemwita mtu wa dawa kutoka upande wa Rhodesia. Atafika Jumamosi ya tarehe 29. Danford ndiye atakayemleta kwa lori.

Ijumaa, 21 Januari

Mke wa mpagazi wa forodha alijifungua peke yake, mlango umefungwa, Mama Ruti amesimama nje anamwelekeza kupitia dirishani. Mtoto mzima.

Jumatano, 26 Januari

Nilimwona. Saa tisa mchana, nikiwa na muhuri mkononi. Nje ya dirisha la ofisi watu sita walikuwa wakingoja vibali, na nyuma ya wa sita alisimama yeye. Hakuwa na haraka. Alikuwa amesimama kama mtu yeyote anayengoja zamu. Nilihudumia wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa sita alipoondoka hapakuwa na mtu, ila maji kwenye kizingiti.

Sikuwa nimefikiri juu yake hivyo kabla, kwamba anangoja zamu.

Jumamosi, 29 Januari

Nitaandika kila kitu, hata mkono ukiuma.

Mtu wa dawa alikuwa kijana, nadhifu, amevaa koti na kofia, na chupa zake kwenye sanduku la bati. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Aliamuru watu wapange mstari mmoja uwanjani, mwenyekiti mbele. Wakapanga. Hilo ndilo lililonitisha kuliko chupa: watu wazima niliowaandikia barua za watoto wao, wote wakapanga kimya, wakikwepa kuwa wa mwisho. Walisukumana huko nyuma mpaka mstari ukapinda.

Kijana akamimina dawa kwenye kikombe akampa Mama Ruti. Alikipokea. Nikatoka mstarini, nikasema kwa sauti:

"Jina lile niliandika mimi! Kura ilizidi moja nikaziba pengo kwa jina la uongo. Mama Ruti hakujua. Kama kuna wa kushtakiwa ni mimi karani."

Nilidhani nimeokoa mambo. Mzee mmoja akauliza, "Wewe mgeni kutoka Isongole, ulilijuaje?" Mstari ukaanza kunigeukia. Nilimsikia Lusungu akiniita, si Baba Aida bali kwa jina langu. Akaja akasimama nami.

Hapo Mama Ruti akageuza kikombe, dawa ikamwagika matopeni.

"Baraza limefunguliwa," akasema. "Kabla ya mtu kunywa, iko kesi ambayo haikusikilizwa. Mwaka thelathini na moja baraza hili lilimhukumu Marita Namonje bila kumsikiliza. Mimi nilikuwepo, nilimpigia kelele. Nasema mbele yenu: sikuona uchawi wowote kwake. Niliona mwanamke mwenye mimba anayeogopa dawa. Mwingine aliyekuwepo aseme."

Kijana wa dawa akacheka kidogo, akatazama wazee. Tulisikia kijito kikivuma. Mimi nilikuwa nimeelekea mwisho wa mstari, nikaona watu wa nyuma wanaanza kusogea mbele, mmoja mmoja, bila kugeuka, kama mtu anavyosogea moto unapomchoma mgongoni.

Bibi Ketrina hakusogea. Aligeuka. Akatazama ndani ya ukungu.

"Umelowa," akasema kwa Kinamwanga; Lusungu ndiye aliyenitafsiria. "Umelowa, mdogo wangu, na mimi nilikaa ndani penye moto."

Watu wakaanza kulia. Sijui wengine waliona nini, kila mtu ananieleza lake. Mimi niliona ukungu tu, na bibi kizee mkono mbele, kama ameshika mkono wa mtu.

Danford ndiye aliyesema. Alikuwa kando ya lori lake. Nilidhani atasema mambo yaishe. "Baba alinituma nihakikishe amevuka," akasema. "Nilifika naye mpaka majini. Njia nzima alikuwa akitaja jina lake. 'Mimi Marita Namonje, mnanijua. Mimi Marita Namonje, mnanijua.' Alipoingia maji ya kiuno alikuwa bado analitaja. Nilikuwa na fimbo ndefu. Ningeweza kumnyooshea." Akakaa chini penye matope, na suruali yake ya dukani.

Mama Ruti akaniambia nilete kitabu cha baraza. Niliandika, akinisomea maneno polepole: kwamba hukumu ya mwaka 1931 imefutwa, kwamba Marita Namonje hakuwa na hatia, kwamba waliokuwepo wameomba radhi mbele ya dada yake. Walioweza kusaini walisaini, wengine wakaweka dole. Danford alisaini wa kwanza. Kisha Mama Ruti akaongeza lingine, ambalo hakuna aliyemwomba:

"Kura ya hamsini na nane siihesabu. Aliyeipiga ana haki nyingine kubwa kuliko hiyo, lakini mji unaongozwa kwa kura za walio hai. Mimi na Danford tuko sawa. Tutapanga mstari tena."

Kijana wa dawa alirudi kwao kwa miguu. Danford hakumpeleka.

Jumapili, 30 Januari

Nililala mpaka mchana. Aida alikuwa akinipiga mashavu.

Jumanne, 15 Februari

Foleni ya kisimani: watu tisa, ndoo tisa. Lusungu alinieleza kama mtu anayetoa habari za mgonjwa aliyepona, lakini uso haukuwa na furaha.

Jumamosi, 26 Februari

Bwana Shauri amekuja tena, amekasirika kuitwa mara mbili kwa mji mdogo kama huu. Jua lilikuwa kali. Niliandika majina papo hapo, mtu kwa mtu. Danford sitini na moja. Mama Ruti themanini na tatu. Nilirudia kuhesabu, majina na watu vikalingana. Nilipofika mwisho wa mstari nilijikuta nimenyoosha mkono hewani, nyuma ya mtu wa mwisho, na nikaona aibu kuurudisha.

Bwana Shauri alipotaka kuzungumzia barabara alimgeukia Danford, kwa mazoea, akamwuliza vibarua wangapi watapatikana. Danford alikaa kimya. Bwana Shauri akarudia swali. Danford akamtazama Mama Ruti, akangoja mpaka Mzungu naye akageuka.

Ijumaa, 11 Machi

Barua ya boma: nimeachishwa kazi kwa kughushi orodha. Haki yao. Mama Ruti aliandika kuniombea, kwa mwandiko wake mwenyewe wenye makosa, nami sikumsahihisha. Wamenipa mpaka Pasaka.

Jumatatu, 14 Machi

"Basi una wiki nne," akaniambia Mama Ruti. "Niandikie daftari la wanawake wa mji huu. Kila mmoja kwa jina lake na la ukoo wake. Atakayeshindwa kulitaja mbele ya mumewe, mtoe mume nje."

Wa kwanza nimemwandika Lusungu. Alinitajia herufi moja moja, kana kwamba hatujaishi pamoja miaka sita.

Jumatano, 30 Machi

Mmoja amelia nilipomwuliza. Mwingine amesahau la ukoo, ametuma mtu kwa dada yake Mbozi akaulize. Mvua zinapungua.

Alhamisi, 7 Aprili

Kesho Ijumaa Kuu, Jumamosi tunapanda lori kwenda Isongole. Daftari limekamilika: wanawake mia moja thelathini na wawili.

Bibi Ketrina alikuwa wa mwisho kuandikwa, kwa sababu ya mafua. Alikuja mchana huu akaketi benchini. Nilimwandika, nikataka kufunga.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea jina lake.

"Hapana. Yote. Toka mwanzo."

Nikamwambia ni mengi, na nina mizigo ya kufunga. Alipanga tu shuka lake magotini, kama mtu aliyekuja kukaa. Mlango ulikuwa wazi, uwanja mtupu, jua limelala kwenye nyasi ndefu za mvua iliyokwisha. Nikaanza na la Lusungu Mwampashi. Nilikuwa nikisomea mtu mmoja aliye mita mbili mbele yangu, tena masikio yake ni mazima. Lakini sauti yangu ilipanda yenyewe, jina baada ya jina, mpaka nikawa nimesimama nikisoma kama anavyosoma mtu katika chumba kilichojaa, ambaye anataka hata waliosimama nje wasikie.